Kompresa inayoamka usiku: kisa cha sili ya hewa kwenye chumba cha kutokeza

Mzee mmoja aliniletea gari-nyumba lake akiwa na malalamiko matatu na hukumu moja. Kwanza, usiku kompresa ndogo ya hewa ilikuwa inaamka kila baada ya dakika 40 hivi, inanguruma chini ya kitanda kwa sekunde 40, kisha inanyamaza. Pili, asubuhi jua likiwa chini alikuwa anaona uzi wa mwanga kwenye kona ya juu ya chumba cha kulala. Tatu, mvua waliyokutana nayo barabarani safari ya mwisho ilipenya hapohapo ikalowesha godoro upande wa kichwani. Hukumu ilikuwa ya fundi aliyeliona gari kabla yangu: sili ya hewa ya chumba hicho, ambacho ni cha kutokeza, imekwisha, itolewe yote, iwekwe mpya.

Kubadilisha sili ya aina hii si kazi ya mchana mmoja. Kwenye magari mengi chumba chenyewe kinabidi kivutwe nje kupita kawaida yake, na kwenye mengine kinang'olewa kabisa, ndipo mkono ufike mahali mpira ulipogandishwa. Ukikosea kona moja, umerudi mwanzo. Nilimwomba mzee anipe siku mbili za kupima kabla mtu yeyote hajashika kisu. Alikubali, na nashukuru alikubali, kwa sababu sili ile kweli ilikuwa inavuja, na bado kuibadilisha siku ile kungekuwa kosa kubwa.

Hewa inavyopita

Kwa ambaye hajawahi kukutana na kitu hiki: chumba cha kutokeza ni kipande cha ukuta pamoja na sakafu na paa lake, kinachosukumwa nje gari likishaegeshwa ili ndani pawe na nafasi, na kurudishwa ndani kabla ya safari. Kati ya kipande hicho na mwili wa gari lazima pawe na uwazi, la sivyo hakisogei. Uwazi huo ndio mlango wa mvua, vumbi, baridi na kelele. Magari mengi huuziba kwa ndimi za mpira zinazopangusa ukuta wakati chumba kinatembea. Mengine, hasa yale makubwa ya muundo wa basi, yana sili ya hewa: mrija wa mpira ulio tupu katikati, unaozunguka tundu lote la ukutani, juu, chini na pembeni. Chumba kikitulia, mrija unajazwa hewa, unavimba na kukumbatia ukuta. Chumba kikitaka kusogea, mrija unanyonywa hewa mpaka ulale bapa.

Shinikizo lake ni dogo kuliko watu wanavyodhani. Kibandiko ndani ya kabati la gari hili kilitaka psi 8, yaani kama kilopaskali 55. Tairi la baiskeli tu linapita hapo mara kadhaa. Kompresa ya gari hili ni ya volti 12, ina tenki lake dogo la lita 8, haigusani na hewa ya breki. Inawaka tenki likishuka hadi psi 85, inazima likifika 105. Kutoka tenkini hewa inapita kwenye regyuleta inayoishusha hadi 8, kisha kwenye valvu ya umeme yenye midomo mitatu: mmoja unapokea hewa, mmoja unakwenda kwenye sili, wa tatu ni wa kutolea hewa. Valvu isipopata umeme, sili inabaki imejaa, ambalo ni jambo jema, maana betri ikifa usiku mvua haiingii. Ukibonyeza swichi ya chumba, valvu inapata moto, inafunga njia ya kujaza na kufungua ya kutolea. Kwenye mdomo huo wa tatu imeungwa hozi inayokwenda kwenye venturi, kifaa kidogo kinachopitisha hewa ya kasi na kutengeneza ombwe, ili sili isiishie kupoa tu bali inyonywe hadi ilale.

Baada ya hapo mota ya chumba inaanza kuvuta. Kwenye magari mengine kuna swichi ya shinikizo inayozuia mota mpaka sili iwe imelala kweli. Kwenye gari hili hakuna. Kuna taima tu: sekunde 6 baada ya kubonyeza, mota inakwenda, iwe sili imelala au haijalala. Jambo hilo lilikuwa limeandikwa waziwazi kwenye mchoro wa umeme, nami nikalipita haraka mara ya kwanza. Nilirudi kwalo siku ya pili.

Dalili zina tarehe

Kabla ya kufungua chochote nilikaa na mzee nikamuuliza kila dalili ilianza lini. Swali hili halina gharama, na kwenye mifumo ya hewa naliamini kuliko geji.

"Kompresa ilianza kama miezi minne iliyopita, fundi. Mwanzoni ilikuwa mara moja au mbili usiku kucha. Ikazidi, ikazidi, mpaka kila dakika 20. Hapo ndipo nikampelekea yule mwenzako. Akafanya kazi yake, ikarudi kwenye dakika 40."

"Na huo mwanga wa kwenye kona?"

Akafikiri kidogo. "Mwanga ni wa baadaye. Mwanga na mvua vyote ni baada ya kutoka kwake."

"Alifanya nini hasa?"

"Alibadilisha kiungo cha bomba chini ya kitanda, akasema kilikuwa kinapumua. Halafu akazungusha kile kifundo chenye geji."

Kifundo chenye geji ni regyuleta. Nikainua kitanda, nikamulika tochi. Sindano ilikuwa kwenye 4.

Hapo malalamiko mawili kati ya matatu yalipata jibu. Mwenzangu alishusha shinikizo nusu, na tundu lile lile likipata shinikizo nusu hupoteza hewa karibu nusu, kwa hiyo kompresa ikaanza kuamka baada ya dakika 40 badala ya 20. Kwa mwenye gari ilionekana nafuu. Lakini kwa psi 4 mrija haukuwa na nguvu ya kuvimba mpaka kwenye kona, mahali ambapo uwazi ni mpana na mpira ni mgumu kwa sababu umepindwa. Nilithibitisha kwa karatasi: nikakata vipande vya upana wa vidole viwili, nikavichomeka kati ya sili na ukuta kila baada ya hatua moja, sili ikiwa imelala, kisha nikaijaza na kuvivuta kimoja kimoja. Kwa psi 4, vipande vya pembeni na vya chini viligoma kutoka. Vya kona ya juu ya nyuma viliteleza kama vimepakwa sabuni. Nilipopandisha regyuleta hadi 8 na kurudia, hata vile vya kona viligoma, kimoja kikachanika mkononi.

Kushusha shinikizo ili kompresa inyamaze ni kufunika kombe mwanaharamu apite. Hewa inaendelea kutoka, na sasa maji yanaingia.

Usiku ule, kwa psi 8, kompresa ilirudi kuamka kila dakika 20. Mzee alinipigia simu saa nne. "Fundi, mbona umeturudisha kwenye ugonjwa?" Nikamwomba avumilie usiku mmoja, kwa kuwa nilihitaji kuuona ugonjwa wenyewe, si ugonjwa uliopozwa.

Kuziba njia moja moja

Asubuhi nilianza kwa kuugawa mfumo. Nilichomoa hozi inayotoka kwenye regyuleta, nikaziba mdomo wake kwa plagi ya shaba, nikaacha kompresa ijaze tenki mpaka izime. Nikangoja saa tatu nikifanya kazi nyingine. Haikuamka hata mara moja. Kwa hiyo tenki, kompresa, valvu ya njia moja na regyuleta yenyewe vilikuwa salama. Nusu nzima ya mfumo ikatoka kwenye orodha ya washukiwa bila kufungua hata skrubu moja zaidi.

Nikarudisha hozi, safari hii nikaziba mdomo wa valvu ya umeme unaokwenda kwenye sili. Sasa sili ilikuwa nje ya mchezo kabisa. Kama sili ndiyo mwenye kosa pekee, kompresa ilipaswa kulala. Iliamka baada ya dakika 30.

Hii ndiyo namba iliyonifanya nikae chini na kalamu. Tenki la lita 8 likishuka kutoka 105 hadi 85 limepoteza kiasi kile kile cha hewa kila mara. Likichukua dakika 20 na sili ikiwa ndani, na dakika 30 sili ikiwa nje, basi theluthi mbili ya hewa inatokea kwenye valvu na theluthi moja kwenye sili. Kuna mivujo miwili, na mkubwa si ule uliolaumiwa.

Nikachomoa hozi ya kutolea hewa kwenye mdomo wa tatu wa valvu, nikavalisha puto la watoto na kulifunga kwa uzi. Valvu ikiwa imetulia, sili imejaa, hapo hapapaswi kutoka hata pumzi. Baada ya dakika moja puto lilikuwa na ukubwa wa ngumi. Napenda njia hii kuliko povu la sabuni kwenye mdomo wa valvu, kwa sababu povu linaweza kukuonyesha pumzi moja iliyobaki kwenye hozi ukadhani ni mvujo, lakini puto halivimbi na kuendelea kuvimba bila chanzo.

Kabla ya kuifungua valvu nilipima koili yake kwa mita. Volti zilikuwa sawa, waya wa chini ulikuwa sawa, na ilibofya vizuri kila ilipopata moto. Tatizo halikuwa umeme. Nikaifungua skrubu nne. Ndani, kwenye kiti kidogo cha mpira kinachoziba njia ya kutolea, kulikuwa na uzi mweupe mwembamba, mfupi kuliko ukucha, umelala kuvuka ukingo. Ilikuwa tepu nyeupe ya kufungia nyuzi za mabomba. Pembeni yake kulikuwa na vipande vingine viwili vimejikunja kama makombo ya karatasi. Vilitoka kwenye kiungo kilichobadilishwa hapo karibu, juu ya mkondo wa hewa.

Tepu hii ni kitu kizuri ikifungwa inavyotakiwa: iache nyuzi mbili za mwanzo bila tepu, izungushe kwa upande ule ule unaokazia, na usirudie kiungo cha zamani bila kuondoa mabaki. Ukiifunga mpaka ukingoni, kiungo kinapokazwa kinaikata, na vipande vinasafiri na hewa hadi kitu cha kwanza chenye njia nyembamba, ambacho karibu siku zote ni valvu. Nikasafisha kiti, nikatoa kiungo, nikapiga hozi hewa kutoka upande wa pili, nikafunga upya. Puto likabaki limenywea.

Lakini mvujo wa kwanza kabisa, ule wa miezi minne, ulikuwepo kabla ya kiungo kubadilishwa. Kwa hiyo tepu haikuwa mwanzo wa hadithi. Nilirudisha kila kitu na kuacha mfumo ufanye kazi mchana kutwa. Kompresa sasa iliamka baada ya saa moja. Kutoka dakika 20 hadi saa moja, kwa kuondoa uzi mmoja wa tepu. Mafundi wengi tungekabidhi gari hapo, na mwenye gari angeshukuru. Saa moja bado ni mbovu. Mfumo mzima wa aina hii unapaswa kulala usiku kucha.

Sili yenyewe

Niliitenga sili na kila kitu, nikaunganisha pampu ya mkono na geji ndogo ya psi 0 hadi 15 kwa tii ya plastiki, yaani kiungo cha njia tatu. Geji ya tairi haifai hapa, psi 8 kwake ni unywele tu juu ya sifuri. Nikajaza hadi 8, nikafunga. Baada ya dakika 5 sindano ilikuwa kwenye 5. Gari lilikuwa kivulini, hakuna jua lililobadilisha kitu. Sili inavuja, kama alivyosema mwenzangu.

Kuona mahali inapovuja ndiko kugumu, maana ikiwa imejaa imebanwa kati ya kuta mbili. Tulisogeza chumba nusu ya njia, tukakata umeme wa mota kwa kutoa fyuzi, na nikaweka vipande vya mbao chini na ubavuni ili chumba kisisogee mkono wangu ukiwa kwenye uwazi. Hili sipendi liharakishwe: chumba hiki kina uzito wa kutosha kuvunja mfupa bila mota kubadilisha sauti. Kisha nikajaza sili psi 2 tu. Sili iliyo hewani bila ukuta wa kuegemea haitakiwi kujazwa shinikizo lake kamili, itavimba pale palipo dhaifu mpaka ipasuke.

Nikapaka maji ya sabuni kwa brashi ya rangi, polepole, mita baada ya mita. Chini hakuna kitu, pembeni hakuna. Kwenye kona ya juu ya nyuma, povu dogo la vitone kama maziwa yanayoanza kuchemka. Nikapangusa nikasogeza tochi. Mpira wote ulikuwa mweusi usio na mng'ao, lakini pale palikuwa na mkwaruzo unaong'aa, mrefu kama dole gumba, mistari yake yote ikielekea upande mmoja: upande ambao chumba kinatoka. Katikati ya mkwaruzo kulikuwa na ufa kama wa milimita 3 ambao usingeuona bila kuukunja mpira kwa vidole.

Mpira wa sili hauchoki hivyo kwa kujazwa. Ukizeeka kwa jua na joto unapata nyufa ndogondogo kila mahali, unafanana na ardhi kavu. Ukichomwa na kitu chenye ncha unapata tundu duara. Mkwaruzo wenye mistari ya upande mmoja una maana moja tu: ukuta umepita juu yake ukiwa umevimba. Sili imeburutwa. Na ikiwa imeburutwa mara moja, itaburutwa kila chumba kinapotoka na kurudi, iwe ya zamani au mpya. Mzee angebandikiwa sili mpya, angefurahi safari chache, kisha kona ile ile ingeanza kung'aa.

Sekunde 6

Nikarudi kwenye mchoro na ile taima. Nikaunga geji kwenye hozi ya sili, safari hii geji inayosoma pande zote mbili, shinikizo na ombwe. Fyuzi ya mota nikaiacha nje, chumba kikiwa mahali pake na sili imejaa psi 8. Nikamwambia mzee abonyeze swichi na ahesabu kwa sauti.

"Moja." Sindano ikaanguka hadi 6. "Mbili." Kwenye 4. Nilidhani itafika sifuri kabla ya tatu. Badala yake ikapunguza mwendo. Alipofika sita, sindano ilikuwa kwenye 2 na nusu. Hapo ndipo mota ingeanza kuvuta. Aliendelea kuhesabu nami nikiwa nimekodolea geji, hadi kumi na nne ndipo ikagusa sifuri. Upande wa ombwe haikuvuka hata kidogo.

Kwa miezi, kila mara mzee alipobonyeza swichi, chumba kilianza safari sili ikiwa bado imekikumbatia. Kona ndiyo ya mwisho kulala, ndiyo iliyokwaruzika.

Umbo la anguko lile lilikuwa na maana: haraka mwanzoni, kisha kukwama. Kama njia ya kutolea ingekuwa imeziba, ingekwenda polepole tangu mwanzo. Kitu fulani kilikuwa kinafunguka hewa ikiwa na nguvu na kujifunga nguvu ilipoisha. Nikaifuata hozi ya venturi kwa mkono, kutoka kwenye valvu, nyuma ya droo, hadi inapopinda kuingia sakafuni. Kwa macho ilikuwa nzima. Ilikuwa imepinda kona kali kidogo, lakini duara. Nikaishika kwenye pindo kwa vidole viwili, nikamwomba mzee abonyeze tena.

Mwanzoni niliihisi ikigangamala. Baada ya sekunde mbili ikalegea, kisha ikanyweka bapa kati ya vidole vyangu, kama mrija wa soda unaponyonywa baada ya kukunjwa. Nikaachia, ikabaki bapa mpaka venturi ilipozima, ndipo ikarudi duara taratibu.

Hozi ile ilipita sentimita chache tu kutoka kwenye bomba la hita. Joto lilikuwa limeilainisha miaka yote hiyo. Hewa ikiisukuma kutoka ndani, inasimama. Ikinyonywa, inajifunga. Mtu akiikagua gari likiwa limezimwa hataona kosa, na pengine ndiyo sababu hakuna aliyeliona. Hozi ya kunyonyea lazima ikaguliwe ikiwa inanyonya.

Matengenezo yalikuwa mafupi kuliko upimaji. Hozi mpya yenye ukuta mnene, imepitishwa mbali na bomba la hita, na pindo lake limefanywa pana na kushikwa kwa klipu ili lisijikunje. Tuliporudia hesabu, sindano ilifika sifuri kwenye tatu, na kwenye nne ilikuwa imeingia upande wa ombwe. Mota inaanza kwenye sita. Nafasi ya kutosha.

Kwa ufa wenyewe nilimweleza mzee wazi kwamba kiraka ni cha kumvusha, kinaweza kudumu sana au kidogo, kwa kuwa kona inakunjwa kila siku. Mpira wa sili hizi kwa kawaida ni EPDM, ambao una tabia ya kukataa gundi. Solushani ya viraka vya tyubu haiushiki vizuri. Silikoni ya mirija haiushiki pia, na ikishapakwa inaacha ngozi ambayo hakuna gundi nyingine itakayoishika baadaye, kwa hiyo aliyeanza na silikoni amejifungia mlango. Nilikwaruza kwa msasa laini, nikasafisha kwa alkoholi, nikapaka praima ya mipira migumu kugandishwa, kisha kipande chembamba cha EPDM kwa supagluu inayoendana nayo, nikakibana kwa vibao viwili usiku kucha.

Nilikuta pia mtu alipaka grisi ya kawaida kwenye sehemu ya juu ya sili, bila shaka kwa nia njema ili iteleze. EPDM hustahimili jua na maji vizuri mno, lakini mafuta ya petroli huuvimbisha na kuulegeza. Niliiosha yote kwa sabuni ya vyombo na maji vuguvugu. Cha kupaka ni kilainishi cha silikoni au poda, na kidogo tu. Na regyuleta ibaki kwenye 8. Kuipandisha ili "izibe zaidi" kunaongeza mzigo kwenye mpira na kuchelewesha kulala kwake, yaani kunarudisha kosa lile lile kupitia mlango mwingine.

Jaribio la mwisho: psi 8, nimefunga, saa moja kivulini. Sindano ilishuka chini ya robo ya psi. Nilimwekea mzee bomba dogo la kufungia kwa mkono kati ya valvu na sili, pamoja na geji ya kudumu, ili aweze kuitenga sili na kuipima mwenyewe wakati wowote, kwa sharti moja: asisahau kulifungua kabla ya kusogeza chumba, maana likiwa limefungwa sili haiwezi kulala. Tuliandika hilo kwa kalamu nyekundu kwenye kipande cha karatasi na kukibandika juu ya swichi ya chumba.

Siku tatu baadaye, alfajiri, simu ikalia.

"Fundi, kompresa haijaamka tangu nilipoondoka kwako. Lakini jana mchana nilifunga lile bomba ulilonionyesha, ikiwa kwenye 8. Sasa hivi inasoma 6 na nusu. Inavuja tena."

"Huko jana mchana kulikuwa na joto kiasi gani, mzee?"

"Nyuzi 28."

"Na sasa?"

Nikamsikia akitembea kwenda dirishani. "Tisa."

Hewa iliyofungiwa ikipoa, shinikizo lake linashuka hata isipotoka chembe. Geji inasoma kinachozidi hewa ya nje, kwa hiyo psi 8 kwenye geji ni kama 22.7 kamili ukijumlisha 14.7 za hewa ya nje usawa wa bahari. Kutoka nyuzi 28 hadi 9 ni kutoka kelvini 301 hadi 282, na 22.7 inashuka kwa uwiano huo huo hadi karibu 21.3. Ondoa 14.7, unabaki na 6.6. Sindano yake ilikuwa mahali hasa inapopaswa kuwa.

Nilimwambia asifungue kitu, asiguse kitu, anywe chai, na aiangalie tena jua likiwa utosini. Saa saba mchana alinitumia picha ya geji. Bomba lilikuwa bado limefungwa, na sindano ilikuwa imesimama kwenye 8.